Idi na sukari: chunga saa kabla hujaichunga kaimati

Kila Ramadhani ikiingia kumi la mwisho simu yangu inaanza kuita, watu wa mtaani, wenzangu wa kliniki, mashoga zangu wa zamani, wote swali moja, dada na hii sukari yangu Idi nile nini nisile nini? Mie nawajibu kwa swali, kwenu pilau huwa inapakuliwa saa ngapi? Wanadhani natania. Sitanii. Mie nna miaka kumi na moja na sukari, ile aina ya pili, na siku iliyotaka kuniondoa duniani haikuwa siku niliyokula haluwa, ilikuwa siku chakula kilichelewa.

Ilikuwa Idi mosi, nyumbani hapa Ngamiani, Tanga, tumealika ndugu wa Pangani na wa Muheza. Asubuhi saa moja nkameza glibenclamide yangu kama kawaida, nkashushia na chai kavu na nusu andazi, najidai najibana ili mchana nile pilau kwa nafasi. Pilau ilikuwa ya saa saba. Saa saba gari la wageni limeharibika Pongwe, wanasubiri fundi, wenye nyumba tukasema basi tuwangojee, aibu kula kabla ya wageni. Saa nane. Saa tisa kasoro nko jikoni namenya vitunguu thomu vya achari, jasho linanitoka mpaka kanga imelowa mgongoni, nikajua ni moshi wa kuni, mikono inatetemeka, thomu inaniponyoka, alafu nkaanza kumgombeza wifi yangu eti kaficha bizari. Bizari iko mbele yangu kwenye kikombe! Wifi akaniangalia akasema, "We wifi una njaa au umepandwa?" Kicheko jikoni kizima. Aliyeniokoa ni binti yake anayesomea unesi, hakucheka, akaenda kuchukua mashine yangu ya kupimia sukari chumbani akanitoboa kidole, 2.6, na haitakiwi kushuka chini ya 4. Nikapewa soda ya chungwa, ya sukari kabisa, baada ya robo saa nikawa 4.8 na bizari nkaiona.

Kwa hiyo nyie mnaonisoma kitu cha kwanza kabisa mjue dawa mnayomeza ni ya kundi gani. Kuna dawa ambazo zinaisukuma sukari chini umekula hujala, zenyewe hazijui kama leo kuna wageni: hizo ni insulini, na vidonge kama glibenclamide, gliclazide na glimepiride. Ukizimeza chakula kikachelewa, unashuka. Metformin peke yake ni nadra sana kukushusha hivyo, yenyewe ugomvi wake ni tumbo tu ukiimeza bila kula. Kama hujui yako ni ipi chukua pakti nenda nayo duka la dawa au kwa nesi wa kliniki muulize, hii nikiimeza chakula kikachelewa naanguka au sianguki? Swali la dakika moja na wengi hatujawahi kuuliza miaka nenda rudi, tunajua ya rangi nyeupe na ile ndogo.

Sasa tuje kwenye Idi yenyewe na hapa kuna mtego ambao sioni ukisemwa. Wale tuliofunga kwa ruhusa ya daktari, dozi zetu mwezi mzima zilihamishwa, ile ya asubuhi ikaenda futari, ya usiku ikaenda daku na mara nyingi ikapunguzwa. Mwezi ukiandama usiku mmoja tu mwili unageuziwa ratiba, leo umekula daku kesho saa mbili asubuhi unakula vitumbua. Dozi nazo lazima zirudi mchana, na haziwezi kurudi kwa kukisia. Kuna mzee jirani yetu alimeza dozi ya futari usiku wa mwandamo, asubuhi akameza tena ya kawaida "maana leo Idi", dozi mbili kubwa ndani ya saa kumi na mbili na katikati hakuna chakula cha maana. Kwa hiyo wiki moja kabla ya Idi, usisubiri mwezi wa kuandama, nenda kliniki na kikaratasi ukaandikiwe mambo mawili: usiku wa mwandamo nameza nini, asubuhi ya Idi nameza nini. Kikaratasi kikae pale kwenye dawa, si kichwani, kichwa siku hiyo kina nguo za watoto na nazi za kukuna.

Asubuhi ya Idi el Fitri sunna ni kula tende kabla ya kwenda kuswali, kwa witiri, yani idadi isiyogawika kwa mbili. Basi moja nayo ni witiri. Tende moja ya kawaida ndogo ina kama gramu 5 au 6 za sukari, zile kubwa nono za kuletewa kutoka Uarabuni zinafika mara tatu ya hapo, kwa hiyo saba za kubwa si sunna tena hiyo ni kitu kingine. Na dawa ya kushusha usiimeze ukatoka mbio kwenda uwanjani tumbo tupu, kuna swala kuna hotuba kuna kupeana mikono na watu hamsini, unarudi saa tatu. Dawa na chai vikae pamoja. Ama unakunywa chai ya maana kabla hujatoka unameza, ama unaswali unarudi unakula unameza, kutegemea na ulivyoandikiwa. Idi ya kuchinja ndo kabisa, kule sunna ni kula baada ya swala, basi na kidonge kinasubiri swala.

Chai yenyewe sitaki nikudanganye. Meza ya Idi ya kwetu inajulikana, vitumbua, mkate wa kumimina, kaimati, tambi za sukari, maandazi, visheti, vyote wanga na nusu yake vimeogeshwa shira. Mie nafanya hivi, nachagua kitu kimoja ninachokipenda kweli, mie ni mkate wa kumimina, nakata kipande kimoja kama upana wa vidole vitatu, nakula na mayai na maharage au samaki aliyebaki usiku, chai bila sukari. Kaimati nakula mbili mwaka mzima na nazila siku hiyo, nazikamua shira kwa kijiko. Mtu atakwambia kaimati ni marufuku, marufuku ndo inayowafanya watu wale kumi jikoni wamejificha.

Haya tuje kwenye pilau, au kwenye saa. Uliza mapema, bila aibu, chakula saa ngapi, alafu ongeza saa mbili maana unaijua familia yako. Kama dawa yako ni ya kundi lile la kushusha na chakula kimepita saa yake ya kawaida, kula kitu saa yako ikifika. Kipande cha muhogo wa kuchemsha, chungwa moja, nusu chapati na maharage, chochote chenye wanga kidogo cha kukushikia. Si kuvunja heshima ya wageni, wageni wenyewe hawataki maiti. Sie baada ya ile siku tumeweka sheria nyumbani, sahani yangu inapakuliwa mwanzo kabisa chungu kikifunuliwa, inafunikwa kawa, saa yangu ikifika nakula nimekaa jikoni kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Waseme wanavyosema. Na yule mwenye insulini ya mchanganyiko, ile yenye ukungu ya asubuhi na jioni, ndo asikilize zaidi, ukishaichoma chakula si hiari tena.

Kingine, kula sinia. Sinia ni udugu lakini kwa mwenye sukari sinia ni giza, wali hauishi, kila ukimega mwenzio anakusogezea nyama na wali unafuata, hujui umekula kiasi gani mpaka unainuka. Kikombe kimoja cha chai cha wali uliopikwa kina kama gramu 45 za wanga, na mtu mzima kwenye sinia la Idi anafuta vikombe vitatu vinne bila kuhema. Omba sahani yako. Ukiona vibaya kukaa pembeni peke yako basi kaa kwenye sinia lakini chora mpaka, mega wali wako mbele yako mwanzoni kabisa kiasi cha ngumi yako, ukiisha umeisha, mkono uende kwenye nyama, kachumbari, mchicha. Tena anza na hiyo kachumbari na nyama, wali umalizie, imeonekana kula mboga na nyama mwanzo kunapunguza ile kasi ya sukari kupanda baada ya kula. Biriani kwa hili ni rafiki kuliko pilau, wali uko mbali na mchuzi uko mbali, unajaza mchuzi unaweka wali wa kuonekana tu.

Ukishakula usilale! Najua joto, najua feni, najua tumbo limejaa. Tembea robo saa, hata ndani ya uwanja, hata kupeleka sahani kwa jirani, misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu. Mie ndo saa yangu ya kutembelea watu.

Na kutembelea watu ndo hatari ya pili, manake Idi ya Tanga si nyumba moja. Nyumba sita mchana mmoja, kila nyumba juisi ya embe, kila nyumba haluwa, kila nyumba "usiponywa utaniudhi." Kukataa kavu hakufai, shangazi atasema unamdharau. Neno linalofanya kazi ni moja, "shangazi nifungie, ntakula nyumbani." Anafurahi, anakufungia, ukifika nyumbani kuna watoto watamaliza. Cha mdomoni omba maji na kahawa chungu. Kahawa chungu haina shida na hapo unaweza kuonja haluwa kipande kama ncha ya kidole gumba, nyumba moja kati ya sita, chagua ya mpishi bora. Juisi hata kama imekamuliwa nyumbani hata kama "haina sukari ni tunda tupu" inapandisha haraka kuliko tunda lenyewe, kula embe nusu acha juisi. Soda moja ya chupa ina kama vijiko 8 au 9 vya sukari. Asali nayo ni sukari, sukari guru ni sukari, waambieni akina bibi kwa upole. Dafu si maji matupu, lina sukari yake, moja kwa siku inatosha.

Kupima. Stripu, vile vijikaratasi vya kuchomeka kwenye mashine, ni ghali na zinaisha, najua, kwa hiyo kama unazo chache siku ya Idi usizimwage asubuhi kwa kujifurahisha. Kama unazo nne: kabla ya chai, kabla ya chakula kikubwa hasa kikichelewa, saa mbili baada ya kula, na kabla ya kulala. Ukiwa nazo tatu tu basi ni hiyo ya kabla ya chakula kilichochelewa na ya kulala, na uweke moja ya akiba ya kujisikia vibaya. Hiyo ya kulala usiidharau, pilau ina mafuta na mafuta yanachelewesha, unaweza kupima saa mbili baadae ukaona 9 ukafurahi, usiku wa manane umefika 15. Kwa wengi wetu malengo ni 4 mpaka 7 kabla ya kula na chini ya 10 saa mbili baada ya kula, wazee na wenye maradhi mengine daktari anawalegezea, fuata ya kwako uliyopewa.

Nawa mikono kabla ya kutoboa! Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka juzi nimetoka kumenya maembe ya juisi ya wageni nkapima nkaona 19 na ushee, moyo ukanidunda, nusura nimeze kidonge cha pili. Mwanangu akasema mama nawa kwanza. Nkanawa na sabuni nkafuta, nkapima kidole kingine, 9.1. Sukari ilikuwa kwenye kidole si kwenye damu. Haluwa ndo mbaya zaidi, inanata. Na sanitaiza si kunawa, haiondoi sukari ya embe.

Jingine la kwetu huku, wengi mashine tunaletewa na ndugu walioko Omani au Saudia, alafu inasoma namba za ajabu, mtu anaona 126 anadondoka kwa hofu. Angalia pembeni ya namba kimeandikwa nini. Kama ni mg/dL, gawa kwa 18 upate hizi zetu za mmol/L. Yani 72 ni 4, 126 ni 7, 180 ni 10. Andika kwa kalamu nyuma ya mashine umalize kesi. Na ikiandika HI usidhani inakusalimia, inasema sukari imepita uwezo wake wa kusoma, nyingi ni juu ya 33.3, hapo ni hospitali saa hiyo hiyo. LO nayo ni kinyume chake, imeshuka mno, kunywa sukari mara hiyo hiyo.

Sukari ikishuka, chini ya 4, utajijua kwa jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, macho kuona ukungu, na hasira zisizo na sababu kama zangu na bizari. Tiba: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, koroga kunywa, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Soda za zero hapa hazina faida yoyote, hazina sukari, nimeona mtu aliyeshuka anapewa zero kwa huruma kabisa eti kwa kuwa ana ugonjwa wa sukari. Kaimati nayo siyo dawa ya hapa japo tamu, mafuta yake yanaichelewesha sukari kuingia, chokoleti hivyo hivyo. Ngoja dakika 15 pima tena, kama bado chini ya 4 rudia. Ikipanda kula kitu cha kushikilia, mkate au wali kidogo. Kama ulimeza glibenclamide au zile ndugu zake usijione umepona ukaenda kulala, zinakaa mwilini masaa mengi na unaweza kushuka tena usiku, wazee hasa ni bora wapelekwe wakaangaliwe. Mtu akishapoteza fahamu msimtie kitu chochote mdomoni, si soda si asali, atapaliwa, mlazeni ubavu mkimbizeni hospitali ya Bombo au kituo chochote kilicho karibu.

Ikipanda sasa. Umekula umezidisha, unaona 14, usimeze dozi ya ziada kwa kujihukumu wala usijinyime chakula kesho kutwa nzima kulipa deni, hapo ndo unapanda na kushuka kama mashua. Kunywa maji, tembea, meza dawa yako ya kawaida saa yake, pima tena. Lakini ikikaa juu ya 15 haishuki, au kuna kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa nguvu, pumzi inanukia kama tunda lililoiva sana, mtu amelegea, hiyo si ya kungojea sikukuu iishe. Hasa kwa wa insulini. Na wa insulini kamwe asiache sindano eti kwa sababu anatapika na hajala, insulini ya msingi, ile ya kufanya kazi taratibu siku nzima, inahitajika hata tumbo tupu, aende akaongozwe kiasi gani. Wa metformin akiharisha na kutapika sana apige simu kliniki, mara nyingi wanaisimamisha kidogo mpaka maji yarudi mwilini. Idi kuna vyakula vimelala, kuharisha kupo.

Insulini na joto la Tanga, haya. Ambayo hujaifungua inakaa kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8, mlangoni au katikati, isiguse barafu maana ikiganda imekufa hata ikiyeyuka. Siku ya Idi friji linajazwa nyama mpaka mlango haufungi na mtu anasukuma kichupa chako kule juu kwenye barafu ili aweke jagi la juisi. Weka kwenye kikopo chenye mfuniko, andika DAWA kwa herufi kubwa, waambie watoto. Uliyokwisha kufungua inavumilia nje wiki nne hivi kama joto halijapita nyuzi 30, sasa hapa kwetu mchana joto linapita, kwa hiyo wasio na friji au umeme ukikatika tumia chungu: chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga, mwagia mchanga maji asubuhi na jioni, funika na kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Inapoza kweli, ni akili ile ile ya mtungi wa maji. Ile insulini inayoonekana angavu kama maji safi ukiiona ina ukungu au vipande usichome, ile ya mchanganyiko yenyewe ni ya ukungu, viringisha viganjani taratibu usiitikise kama dawa ya kikohozi.

Wa safari, wale mnaokuja kutoka Dar, ni kilomita kama 350 na basi siku za sikukuu halina adabu. Dawa, mashine, sukari ya kwenye karatasi, maji na kitu cha kula vikae mapajani, si kwenye buti la basi, buti linachemka na buti linapotezaga mabegi. Usimeze dawa kwa kutegemea basi litasimama kula Segera saa fulani. Meza unapokiona chakula kwa macho.

Watoto wenye kisukari aina ya kwanza Idi ni siku yao ngumu, ana pesa za mkono wa Idi mfukoni, anashinda Tangamano kwenye bembea au Raskazone anaogelea, anakula aiskrimu, anakimbia siku nzima, kimoja kinapandisha kingine kinashusha na insulini iko katikati. Usimnyime, mtoto akinyimwa anakula kwa siri na wewe unachoma dozi ya kubahatisha. Mpime kabla hajatoka, ale kabla ya kuogelea, na anayempeleka, hata kama ni kaka yake wa miaka kumi na tano, ajue dalili na awe na soda mkononi. Asiachwe kuogelea peke yake.

Mnaosherehekea Krismasi na mwaka mpya, nna mashemeji Lushoto nawajua, saa ni ile ile, ibada ya mkesha inachelewesha chakula kama wageni wangu wa Pongwe. Cha kuongeza ni pombe, wanywaji wajue bia au mnazi vinaweza kushusha sukari masaa mengi baadae mpaka kesho yake asubuhi, kwa sababu ini linashughulika na pombe linasahau kutoa sukari yake, na mtu aliyeshuka anafanana na mlevi, mnamwacha alale kumbe anakufa. Asinywe tumbo tupu, apime kabla ya kulala, mmoja pale mezani ajue ana sukari.

Alafu kuna saumu sita za Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani, hizi ndo zinasahaulika kabisa. Umesharudisha dozi mchana, baada ya siku mbili tatu unaanza sita na dozi ziko mchana bado. Ukitaka kufunga sita muulize daktari siku ile ile ya kikaratasi, dozi zihamie tena. Ukiwa umefunga ukapima ukakuta chini ya 3.9 au juu ya 16.6, fungua, na kupima kidole hakufunguzi saumu kwa hiyo usikiogope.

Mwisho viatu. Viatu vipya vya Idi, vimebana kidogo lakini vinang'aa, umezunguka navyo nyumba sita. Sie wenye sukari ya siku nyingi miguu inaweza isisikie. Vivae nusu saa nusu saa wiki nzima kabla, na siku yenyewe beba ndala kwenye mkoba, Raskazone usikanyage mchanga wa saa nane miguu mitupu. Idi mosi usiku kaa kitandani geuza nyayo chini ya taa, pitisha mkono katikati ya vidole, kama huoni vizuri mwite mjukuu au weka kioo sakafuni. Ukikuta lengelenge usilitoboe, osha kwa maji na sabuni, kausha, funika na kitambaa safi, na viatu vile visivaliwe Idi pili. Likianza kuwa jekundu pembeni, kuvimba, kutoa maji au kuwa jeusi nenda siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya kliniki.